Wizara za mashauri ya kigeni: ugonjwa ukiingia mnatupiana maneno Twitter, sisi tumekwama mpakani

Wadau, nimevumilia vya kutosha. Jana kuna mtu hapa alisifu jinsi serikali zilivyochangamka mitandaoni wakati wa korona, kwamba siku hizi mabalozi wanazungumza na dunia moja kwa moja. Nililala na hasira na nimeamka nayo. Mimi ni dereva wa trela, nyumbani ni Salgaa, barabara ya Nakuru kwenda Eldoret, na njia yangu ni Mombasa–Kampala kwa miaka kumi na minne sasa. Walizungumza na dunia, ni kweli. Mimi waliniambia nini?

Mei 2020 nilikaa siku nane kwenye foleni ya Malaba, mpaka wa Kenya na Uganda. Trela zilikuwa zimepangana kurudi nyuma upande wa Bungoma, na ukiamua kutembea uone foleni inaishia wapi, unachoka kabla hujafika. Uganda ilikuwa imeamua kila dereva apimwe na asubiri majibu. Kupimwa sikukukataa. Ugonjwa ulikuwa mgeni na kila nchi ina haki ya kuwalinda watu wake. Kilichonichoma ni kwamba hakuna aliyejua sheria ya siku hiyo ni ipi. Asubuhi tunaambiwa cheti ulichopata Kenya kinatosha, jioni kinakataliwa. Utingo wangu alikuwa akitembea trela kwa trela kukusanya fununu, kisha tunakaa kuzipima: huyu ametoka mpakani leo, tumwamini, yule ameambiwa na shemeji yake, tumwache. Hivyo ndivyo tulivyopata habari za serikali mbili. Maji tulinunua kwa mitungi. Choo kilikuwa shamba la mahindi la watu, na wenye shamba wakatufukuza kwa kuogopa tumewaletea virusi. Siwalaumu hata kidogo.

Simu ikiwa na chaji kidogo, niliingia Twitter (bado iliitwa hivyo) nikauandikia ukurasa wa ofisi moja ya serikali inayohusika na uhusiano na majirani. Sitaitaja. Niliandika kwa adabu: "Habari ya asubuhi, mkuu. Naomba kujua, dereva aliyepimwa Nairobi na kupewa cheti, akifika Malaba anapimwa tena?" Kimya. Siku ya tatu nikauliza tena. Mchana ule ule ukurasa ukaweka picha ya watu wanne wenye suti na barakoa mpya, wameshika boksi la msaada huku na huku, bendera mbili nyuma yao. Maneno ya chini yalikuwa Kiingereza, kuhusu uhusiano imara. Picha ile niliiona nikiwa chini ya trela, nimejikinga na mvua.

Na kuna jambo lililoniumiza kuliko foleni. Takwimu za Uganda zilizowekwa mitandaoni zilikuwa zikitaja madereva kwa uraia wao: Wakenya wangapi, Watanzania wangapi. Mwezi huo huo Rais Museveni akaagiza madereva wa kigeni waondolewe kwenye hesabu ya nchi yake, na wanaopatikana na virusi warudishwe kwao. Nambari zile zikaruka kwenye WhatsApp hadi Salgaa. Mke wangu akaanza kuepukwa bombani. Watoto wa jirani wakakatazwa kucheza na wangu, na mimi hata sijachukuliwa sampuli! Nilisubiri mtu yeyote mwenye cheo, wa upande wowote wa mpaka, aandike sentensi moja tu kwamba dereva si ugonjwa, dereva ndiye anayewaletea mafuta, unga na dawa. Labda iliandikwa mahali. Kwangu haikufika.

Msidhani haya ni ya Malaba peke yake. Machi 12, 2020, siku moja baada ya WHO kutamka kwamba korona ni janga la dunia, msemaji wa wizara ya mashauri ya kigeni ya China, Zhao Lijian, aliandika Twitter kwamba huenda ni jeshi la Marekani lililopeleka ugonjwa Wuhan, mji wa China ulikoanza kuonekana. Marekani nayo ikashikilia kuuita ugonjwa kwa jina la China. Watu wanakufa, na wakubwa wawili wanagombea nani alaumiwe. Na Wuhan kwenyewe kulikuwa na wanafunzi Wakenya wapatao 100, waliofungiwa na karantini tangu Januari 23, wakituma video kuomba warudishwe nyumbani. Hawakurudishwa.

Aprili ikaja Guangzhou, mji mwingine wa China. Waafrika walifukuzwa kwenye nyumba walizopanga na hotelini, wakalala nje na mabegi yao. Hapo ghafla wizara za Afrika zikapata sauti: waziri wa Nigeria, Geoffrey Onyeama, akaandika Twitter kwamba amemwita balozi wa China kumweleza wasiwasi wake, Ghana ikamwita wake, na mabalozi wetu Beijing wakaandika barua ya pamoja. Vizuri. Lakini nani aliwaamsha? Ni wale waliolala nje, kwa simu zao. Video zilienea hadi ikawa aibu kunyamaza. Mnyonge asiye na video inayosambaa hana balozi.

Au Aprili 2021, Uingereza ilipotuweka kwenye orodha nyekundu, ile ya nchi ambazo wasafiri wake walizuiwa kuingia kwao. Wizara yetu ilitoa taarifa kali mno, ikataja ubaguzi wa chanjo ("vaccine apartheid"), na ikatangaza kwamba na wao wakija watakaa karantini siku 14. Mimi nilishangilia, nasema ukweli, kwa sababu chanjo zilikuwa zimefungiwa kwa matajiri. Lakini nikajiuliza: kumbe kalamu wanayo! Kumbe wakitaka wanaandika upesi na kila mtu anaelewa! Kwa nini ukali ule na haraka ile havikuwahi kutumika kumwambia dereva aende na karatasi gani Malaba?

Sasa sikilizeni Januari 2022. Uganda ikaleta sheria ya kupima kila anayeingia, kwa dola 30, madereva nao wakiwemo. Kwa anayelipwa posho ya safari kama mimi, hizo ni pesa za chakula cha watoto. Tuliandika kila mahali, tukataja kurasa za kila ofisi. Hakuna kitu. Tukazima injini. Malaba na Busia zikasimama, foleni ikarudi kilomita nyingi ndani ya Kenya, petroli ikaadimika Kampala na bei ikaruka. Hapo ndipo simu zilipopigwa na masharti yakalegezwa. Tulisikika kwa kuegesha. Kwa kuandika hatukusikika.

Wanajua jinsi ya kufanya, ndiyo maana nakasirika. Mei 2020, Kenya na Tanzania zilipokorofishana kuhusu vipimo vya madereva, mawaziri wa uchukuzi walikutana Namanga, kwenye mpaka wa nchi hizo, wakazungumza ana kwa ana. Jumuiya ya Afrika Mashariki ikatengeneza mfumo wa simu ili cheti cha dereva kionekane kila mpaka. Kazi ya kurasa zile ingekuwa kusambaza hayo: sheria imebadilika, inaanza saa ngapi, cheti kipi kinakubaliwa, kinadumu siku ngapi, unalipa shilingi ngapi, umpigie nani usiku. Na iandikwe Kiswahili! Wakuu wa nchi za Jumuiya walikubali Februari 2021 kiwe lugha rasmi. Katiba yetu ya 2010 inasema hivyo hivyo. Kwenye ile foleni kulikuwa na Mkenya, Mganda, Mtanzania, Mrundi na Mkongo, na tuliambizana fununu zetu zote kwa Kiswahili.

Msiniambie korona imepita. Julai 31, 2024 Kenya ilitangaza mgonjwa wa kwanza wa mpoksi, msafiri aliyegunduliwa mpaka wa Taveta. Januari 30, 2025 Uganda ikatangaza Ebola Kampala, na mimi nilikuwa na mzigo wa kushusha huko huko. Nilijuaje kama niendelee au nisimame? Nilimpigia mama anayeuza chai pale Malaba. Yeye ndiye aliyeniambia wanapima joto, magari yanapita, nibebe barakoa. Alijibu simu mara ya kwanza, saa tano usiku.

Kama ulikuwa kwenye foleni ile ya 2020 au ya 2022, andika hapa chini ulimwandikia nani na ulijibiwa nini. Na kama uko ndani ya mojawapo ya ofisi hizi na unasoma, usinitumie ujumbe wa faragha. Nijibu hapa hapa, kwa Kiswahili: usiku, mpaka ukifungwa, nani anashika simu?