STI ya E85 imeanza kusumbua baridi ilipoingia: ni hali ya hewa au ni mafuta?

MtotoWaLikoni (St. Paul, Minnesota)

Salamu wakuu. Nina Subaru WRX STI ya 2011, ile ya injini ya EJ257. Mwezi wa sita ilifanyiwa tuni ya E85 tupu (mafuta yenye ethanoli nyingi na petroli kidogo): injekta kubwa, pampu mpya, mapu moja tu (maagizo ya mafuta na cheche kwenye kompyuta ya injini), sensa ya ethanoli haimo. Kiangazi chote raha mtupu. Turbo imepandishwa presha, taimingi (wakati wa cheche) imesogezwa mbele, na injini haikugonga, yaani mafuta hayakulipuka ovyo ndani ya silinda, hata siku za joto kali.

Sasa ni Novemba. Asubuhi stata inazunguka weee, inashika, inazima, na ekzosti inanuka mafuta mabichi. Likishapata moto gari linakwenda, lakini geji inaonyesha mafuta yamezidi hewa, na nikikanyaga sana kompyuta inarudisha taimingi nyuma. Sheli ni ileile, kibandiko cha E85 kilekile. Plagi mpya, betri mpya. Fundi ana foleni ndefu. Nianzie wapi?

BabaTurbo (Duluth)

Kaka, ni vyote viwili, ila mafuta ndiyo yatakayokuulia injini.

Kibandiko hicho kisikudanganye. Kiwango cha Marekani, ASTM D5798, kinaruhusu ethanoli asilimia 51 hadi 83, na yote yanauzwa kwa jina la E85. Joto likiwepo wauzaji wanaweka ethanoli nyingi. Baridi ikija wanapunguza ethanoli na kuongeza petroli. Wanafanya hivyo makusudi, maana ethanoli ikipoa haitoi mvuke wa kutosha kushika cheche. Wabrazili walipambana na hili zamani, na kwao si baridi ya kutisha: magari yao ya ethanoli yalikuwa na kitangi cha petroli pembeni, cha kuwashia tu.

Sasa piga hesabu. Kilo moja ya ethanoli inataka hewa kilo 9, petroli 14.7. Mapu yako inadhani umejaza 83, kwa hiyo inamwaga mafuta mengi. Yakiwa 60, yanazidi. Ukitembea taratibu sensa ya oksijeni inasahihisha; wakati wa kuwasha, au ukikanyaga hadi chini, huna msaada huo. Na ethanoli ikipungua, okteni (uwezo wa mafuta kuzuia kugonga) inashuka pamoja na ule ubaridi inaouleta ndani ya silinda, huku taimingi yako bado ni ya Julai. Pistoni za EJ257 hazina subira na kugonga, kingo za ringi zinakatika. Toa mguu mpaka ujue una nini tangini.

Nunua kibomba cha kupimia ethanoli, ni bei ya chakula cha mchana. Maji hadi alama, mafuta juu yake, tikisa, acha yatulie. Ethanoli inahamia kwenye maji, mstari unapanda, unasoma asilimia. Pima kila ukijaza. Usiende kwa kalenda: shehena mpya inamwagwa juu ya mabaki ya zamani, na lori likija hakuna anayekutangazia.

DadaWaBoxer (Des Moines)

BabaTurbo kasema kweli, ila kaacha upande mbaya zaidi. Ukitengenezewa mapu ya kipupwe halafu ukajisahau, mwezi wa nne au wa tano ethanoli inapanda tena. Hapo mafuta yanapungukia hewa, na ukikanyaga geji itakuonyesha huku roho inakutoka. Ya sasa angalau inanuka, unajua kuna jambo.

Mimi nina sensa kwenye njia ya mafuta. Inatuma hezi 50 kwa petroli isiyo na ethanoli hata tone, hezi 150 kwa ethanoli tupu, na kompyuta inachanganya mapu mbili katikati. Naendesha mwaka mzima. Usiku wa baridi kali nachomeka hita ya injini ukutani, asubuhi inawaka bila kelele. Na kagua oili: mafuta yasiyoungua yanateremka huko, hasa ukiwa mtu wa safari fupi. Mimi kipupwe namwaga oili mapema kuliko kitabu kinavyosema.

MzeeWaKabureta (Kisumu)

Nawasoma nikicheka. Miaka ya 80 sisi tuliuziwa gasoholi, ethanoli ya molasi kutoka Muhoroni ikichanganywa kwenye petroli. Hatukuwa na baridi, tulikuwa na maji. Ethanoli inanyonya maji, yakizidi yanajitenga na kukaa chini, na kabureta inakohoa. Kijana, gari likilala wiki nyingi kwenye theluji, itakuwaje?

DadaWaBoxer

Shikamoo mzee. Kwenye E85 ethanoli ni nyingi, inabeba maji mengi kabla hayajajitenga. Yenu ilikuwa na ethanoli kidogo, ndiyo maana iliwatesa. Hata hivyo langu likilala muda mrefu nalijaza tangi, hewa isipate nafasi.

MtotoWaLikoni

Shikamoo mzee wetu, na asanteni. Nimepima: 58. Kumbe! Nimempigia fundi, kanitumia mapu ya muda yenye mafuta kidogo na taimingi ya kitoto, kaniambia nisivuke presha ya kiwandani hadi sensa ifungwe. Asubuhi bado linasitasita, ila halizimi tena. Dada, hita yako ni ya kwenye maji ya injini au ile ya kubandika chini ya sampu ya oili? Na kwa STI ya mwaka wangu, sensa uliifunga kwenye njia ya kwenda au ya kurudi?

DadaWaBoxer

Hita ni ya kwenye maji. Sensa njia ya kurudi, karibu na tangi. Picha nakuwekea jioni nikitoka kazini.