Kompyuta ya nyumbani inachukua dakika sita kuwaka: nianzie wapi?

Mama Subira
Habari za jioni, ndugu zangu. Nyumbani tuna kompyuta ya mezani tuliyoinunua ikiwa imeshatumika, yenye Windows 10, RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya GB 4 na diski ya GB 500. Tangu kubonyeza kitufe hadi niweze kufungua faili la kwanza hupita dakika sita, ilhali mwaka juzi hazikuzidi mbili. Fundi mmoja amenishauri niweke programu ya kusafisha mfumo, na mwingine anataka kufuta kila kitu na kuweka Windows upya, nami nahofia picha za watoto na hesabu za duka zilizomo. Nianzie wapi kabla sijatoa fedha?

Fundi Mstaafu
Dada, chukua saa upime vipindi viwili: tangu kitufe hadi ukurasa wa nywila, kisha tangu nywila hadi kompyuta itulie. Ikiwa muda mwingi unapotea baada ya nywila, washukiwa wa kwanza ni programu zinazojiwasha zenyewe, na hizo utazishughulikia bila fundi. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, dirisha la Task Manager litokee, ufungue sehemu ya Startup, na utaona orodha yake pamoja na uzito wa kila moja wakati wa kuwaka. Zima za mazungumzo, za muziki na za printa. Kuzizima hapo si kuziondoa, maana utazifungua mwenyewe ukizihitaji. Antivirasi usiiguse. Hiyo programu ya kusafisha achana nayo, kwani nyingi za aina hiyo hujiingiza katika orodha hiyo hiyo unayojaribu kuipunguza.

Bin Kombo
Nakubaliana na mzee, lakini nadhani kiini ni diski. Kama ni ile ya kuzunguka, kichwa chake cha kusomea hulazimika kuhama huku na huku kutafuta maelfu ya mafaili madogo ambayo Windows huyahitaji inapowaka, na muda mwingi huishia katika kuhama huko kuliko katika kusoma. Mama Subira, tazama sehemu ya Performance ya dirisha hilo hilo mara tu baada ya kuingia: diski inaonyesha kutumika kwa asilimia ngapi? Na huizima vipi usiku?

Mama Subira
Nimepima: dakika moja na nusu kabla ya nywila, nne na nusu baada yake. Nimezima programu saba na jumla imeshuka hadi dakika nne. Diski inakaa kwenye asilimia 100 muda wote huo. Usiku tunazima swichi ya ukutani ili kuokoa umeme.

Bin Kombo
Swichi hiyo iacheni hadi kompyuta imalize kuzima yenyewe. Tangu Windows 8, unapochagua Shut down, mfumo kwa kawaida huhifadhi hali ya kiini chake (kernel) kwenye diski ili kesho yake uirejeshe badala ya kuanza mwanzo. Mkikata umeme ghafla hakuna kinachohifadhiwa, na pengine hulazimika kwanza kuikagua diski. Isitoshe, mazoea hayo huweza kuharibu mafaili.

Jambo linalonitia wasiwasi zaidi ni kwamba kasi imeporomoka kutoka dakika mbili hadi sita, kwa sababu diski inayokaribia kufa huanza hivyo hivyo, ikirudia kusoma sehemu zilizochoka. Nakili picha na hesabu kwenye diski ya nje usiku huu, kisha pakua CrystalDiskInfo, ambayo ni ya bure, uone kama hali ya diski imeandikwa Good (nzuri) au Caution (tahadhari).

Mama Subira
Imeandikwa Caution, kwa rangi ya njano. Picha zinanakiliwa sasa hivi.

Fundi Mstaafu
Basi usiiwekee Windows upya diski hiyo, kwa maana ni kupaka rangi nyumba yenye mchwa. Nunua SSD, yaani diski isiyo na kitu kinachozunguka, yenye kiunganishi cha SATA, hata ya GB 240 ikiwa vitu vyako vinaenea, na RAM isubiri. Kwa kuwa Microsoft ilikoma kutoa msaada wa kawaida kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, usitumie fedha nyingi kwa mashine yenyewe. SSD utaihamishia katika nyingine siku ukibadilisha.

Mama Subira
Nashukuru, mzee wangu. Nitaulizia bei kesho.