Naomba ushauri: nyanya na baridi hii ya Julai

Habari zenu wakulima wenzangu. Niko Kahawa West, Nairobi, nina kashamba kadogo nyuma ya nyumba. Tangu mvua ya masika ikatike na baridi iingie, managu imedumaa, lakini sukuma wiki inanawiri kweli, na dania haikimbilii kutoa maua kama wakati wa jua kali.

Shida ni nyanya. Kuna siku jua halionekani hadi saa sita, umande unashinda kwenye majani. Majani ya chini yana mabaka ya kahawia yaliyolowa. Ukiyageuza asubuhi unaona utando mweupe kandokando ya baka. Sasa ugonjwa umepanda kwenye shina, na matunda mabichi yanageuka kahawia yakiwa bado magumu. Naona ni bakajani chelewa, ule ukungu unaopenda ubaridi na unyevu. Majani yaliyougua nimeyakata nikayachoma, na maji namwagilia chini tu.

Je, ning'oe zote nipande spinachi na karoti, au dawa ya ukungu ya kopa (shaba) bado inaweza kuokoa matunda yaliyobaki? Jirani amepanda viazi ng'ambo ya ua, na ugonjwa huu hushika viazi pia, kwa hivyo nina haraka. Aliyewahi kuupata msimu huu wa baridi tafadhali anisaidie.