Sukari ya mama imepanda au imeshuka? Nitajuaje kama sina mashine

BintiPongwe:
Wakuu habari za mfungo. Naomba mnieleweshe maana hapa nyumbani tumegombana. Mama ana kisukari, anatumia vidonge vya metformin na daonil, na mwaka huu kagoma kabisa kuacha kufunga. Juzi jioni kabla ya magharibi akaanza kutoka jasho gauni lote chepechepe, mikono inatetemeka, halafu akawa mkali ghafla anafokea hata wajukuu, ulimi mzito kama mtu aliyelewa (mama hajawahi kugusa pombe astaghfirullah). Kaka akasema hiyo sukari imepanda, mama asiguse kitu kitamu, mpeni maji tu. Mimi nikasema apewe juisi ya ukwaju iliyokuwa ya futari. Tumebishana weee mpaka jirani akaja na mashine ikasoma 2.7. Sasa wataalamu, dalili za kupanda na kushuka zinatofautianaje? Na huu si ugonjwa wa sukari kuwa nyingi, sasa inashukaje tena?

Nesi wa Zamu:
Pole dada, na ulikuwa sahihi wewe. Kisukari chenyewe hakimshushi mama, kinachomshusha ni dawa. Daonil inalilazimisha kongosho kutoa insulini, ile homoni inayoshusha sukari, hata kama tumboni hamna kitu, sasa mtu kala daku saa kumi usiku mpaka jioni hajaweka kitu mdomoni unategemea nini. Metformin peke yake ni nadra kufanya hivyo.

Kushuka ni chini ya 4 na kunakuja haraka, dakika tu: jasho la baridi, kutetemeka, moyo kwenda mbio, njaa kali. Ikiendelea ubongo unakosa chakula ndo unaona hasira, kuchanganyikiwa, maneno yanakokotwa, mwisho degedege au anazimia. Kupanda kunakuja taratibu, masaa mpaka siku kadhaa: kiu isiyoisha, kukojoa kila saa hasa usiku, uchovu, macho kuona ukungu, mdomo mkavu, fangasi za mara kwa mara. Ikifika anatapika, tumbo linauma, anapumua kwa nguvu na pumzi inanuka kama matunda yaliyoiva sana, hapo ni hospitali moja kwa moja msisubiri kesho.

Kama mashine haipo na huelewi, MPE SUKARI kama anaweza kumeza. Kama kumbe alikuwa 18, vijiko vinne vya chai havitambadilishia kitu kikubwa, ila kama alikuwa 2 na nyie mnabishana sebuleni mnaweza kumpoteza. Vijiko vitatu vinne kwenye nusu glasi ya maji, au nusu glasi ya soda ya kawaida, sio ile isiyo na sukari. Subiri dakika 15 upime tena, bado iko chini ya 4 rudia, ikishapanda ale chakula cha kueleweka. Chokoleti hapana, mafuta yake yanachelewesha. Amezimia? Usimmiminie kitu mdomoni atapaliwa, mlaze ubavu mkimbize hospitali akapewe dripu ya glukozi.

Na msilale mkadhani yameisha, daonil inaweza kukaa mwilini karibu siku nzima, kwa mzee mwenye figo zilizochoka hata zaidi, anaweza kushuka tena usiku.

Chuma_Chakavu:
Kuongezea tu, kama mama anatumia na propranolol ya presha, kutetemeka na moyo kwenda mbio vinaweza visionekane kabisa, linabaki jasho. Baba yangu alikuwa hivyo, sisi tunaangalia mikono imetulia tunasema mzee yuko sawa kumbe anaenda.

Sindano Mbili:
Mimi wa insulini. Kununua mashine nunueni, ila anawe mikono kwanza, ukimenya embe halafu ukatoboa kidole itakusomea namba ya kutisha na sukari yako iko kawaida. Angalieni pia kipimo chake, namba zote za hapa juu ni za mmol/L, mashine nyingine zinasoma kwa mg/dL, ukiona 90 usipige mayowe, gawanya kwa 18 unapata 5. Ikiandika HI sio salamu jamani 😂 maana yake imepita uwezo wa mashine, kimbia.

Ustaadh wa Kisosora:
Kutoboa kidole hakufunguzi, mashekhe wengi wamelisema hilo, kwa hiyo asiogope kupima mchana. Wataalamu wa kisukari wanasema ikishuka chini ya 3.9 au ikipita 16.6 afungue hapo hapo, hata kama zimebaki dakika kumi adhana. Mgonjwa karuhusiwa kwenye Baqara aya ya 184, wazee wetu wanajifanya hawaijui hiyo aya.

BintiPongwe:
Asanteni sana, kaka nimemsomesha yote haya kanyamaza. Swali la mwisho, daonil anakunywa asubuhi na jioni, kwa hiyo sasa hivi anainywa daku na futari, nimpunguzie ya daku?

Nesi wa Zamu:
Usipunguze kwa kukisia. Ila kwa 2.7 na kuchanganyikiwa kesho asifunge, mpeleke kliniki na daftari lake, waambie hiyo namba na saa iliyotokea. Kawaida wanapunguza hiyo ya daku au wanambadilishia dawa nyingine isiyoshusha hivyo. Na waombe wapime figo.

BintiPongwe:
Sawa dada, kasema atakwenda ila kaka ndo amwambie kuhusu kutofunga, mimi naogopa.