Saa ya LED niliyounganisha inazimika kila ikifika 08:00, na volti zinashuka: naomba ushauri

Mjenzi_Moro

Ndugu zangu, habari za jioni. Nimeunganisha saa ya kielektroniki yenye namba nne nyekundu za LED, ile inayouzwa ikiwa bodi tupu pamoja na vipuri vyake, na nimekwama kwenye umeme. Ninamtengenezea mama, ambaye macho yake hayaoni tena mishale ya saa ya ukutani, kwa hiyo ningependa sana imtumikie kwa uhakika.

Umeme unatoka kwenye transfoma ya volti 230 kwenda 9, unapita dayodi nne za 1N4001 (zinazopitisha umeme upande mmoja tu) na kapasita ya mikrofaradi 470 (inayohifadhi chaji), kisha unaingia kwenye regyuleta ya 7805, inayoshikilia volti 5 na kulisha maikrokontrola ya ATmega328P (kompyuta ndogo inayoendesha saa) na namba zenyewe. Nikichomoa maikrokontrola kwenye soketi, mguu wa kutolea wa 7805 unasoma volti 5.02. Nikiirudisha, saa ikiwa inaonyesha 12:00, ninapata 4.6 na namba zinafifia. Linalonishangaza zaidi ni kwamba saa inakwenda hadi 07:59, na ikigeuka tu kuwa 08:00 inazimika na kurudi 12:00. Nimeshabadilisha 7805 mara mbili. Je, maikrokontrola ndiyo mbovu?

FundiRedio

Mkuu, usinunue maikrokontrola nyingine kwanza, kwa sababu hiyo 08:00 imekwisha kukupa nusu ya jibu. Hesabu vipande vya taa vinavyowaka: 11:11 ina vipande 8, 12:00 ina 19, 07:59 ina 20, lakini 08:00 inaruka ghafla hadi 25. Maana yake ni kwamba saa yako haichukii saa mbili asubuhi, bali inachukia mzigo. Irekebishe kwa vitufe isome 11:11, pima tena mguu wa kutolea wa 7805, halafu upime na mguu wa kuingizia.

Kijana_Saketi

Mimi ningeweka regyuleta isiyohitaji volti nyingi za ziada badala ya 7805, na tatizo lingekwisha.

Mjenzi_Moro

Ahsanteni. Kwenye 11:11 ninapata volti 5.0 kamili na namba zinang'aa. Kwenye 12:00 mguu wa kuingizia unasoma 8.3. Kwa ninavyofahamu, 7805 inahitaji takriban volti 7 ili itoe 5, sasa kwa nini 8.3 haitoshi? Transfoma yenyewe, nikiipima kwa mkondo geu (AC) saa ikiwa inawaka, inatoa 9.3.

Bi_Volti

Kaka, hiyo 8.3 ni wastani tu. Mita yako haikuonyeshi kilele (volti zinapopanda juu kabisa) wala bonde (zinaposhuka chini kabisa), na 7805 inaangushwa na bonde.

Tufanye hesabu. Volti 9.3 za mkondo geu zina kilele cha kama 13.1. Ukitoa kiasi kinachopotea kwenye dayodi mbili, kapasita inajaa hadi 11.5 hivi. Dayodi zote nne zikifanya kazi, kapasita inajazwa mara 100 kwa sekunde, kwa kuwa umeme wetu ni wa hezi 50 na kila mzunguko una nusu mbili. Kwa saa kama yako wastani ungekuwa karibu na 10. Wewe unapata 8.3, na hiyo inanifanya niamini kwamba nusu moja ya wimbi haifiki: kapasita inajazwa mara 50 tu, inasubiri muda maradufu, na katika kusubiri huko inashuka hadi volti 5 au chini yake. Bila mzigo hutaliona kosa hili, kwa sababu kapasita inabaki imejaa hata ikilishwa na nusu moja, na ndiyo maana ulisoma 5.02.

Ushauri wa kijana si mbaya, ila ungeficha ugonjwa badala ya kuutibu. Zipime dayodi, ukianza kwa kuchomoa plagi ukutani na kuiacha kapasita iishiwe chaji. Ni lazima pia uzifungue nyaya mbili za transfoma kwenye bodi, kwa sababu zikibaki, mita itazunguka kupitia koili na kukuonyesha kwamba dayodi iliyokatika ni nzima. Na tafadhali usiweke ncha za mita kwenye miguu ya dayodi. Geuza bodi, uziweke kwenye mistari ya shaba ambako miguu hiyo inatakiwa kufika.

Mjenzi_Moro

Dada, umeona mbali. Nilipopima kwenye miguu, dayodi zote nne zilisoma kama 0.6. Nilipogeuza bodi na kupima kwenye shaba, tatu zilisoma vilevile, lakini ya nne haikusoma kitu. Nilichukua lensi nikaona lehemu yake imefifia, ina rangi ya kijivu, na kuuzunguka mguu kuna mstari mwembamba mweusi kama pete: lehemu ilikuwa imekaa juu ya shaba bila kuushika mguu. Nimeipasha moto upya, nikaongeza lehemu kidogo hadi ikang'aa.

Sasa kwenye 12:00 mguu wa kuingizia unasoma 9.9 na wa kutolea 5.01. Nimeirudisha 07:59 mara tatu, na mara zote tatu imevuka.

FundiRedio

Hongera. Ungeweka pia kapasita ya mikrofaradi 1000 ya volti 25 badala ya hiyo 470, kwa sababu kwenye 08:00 bonde bado linakaribia sana volti 7, na siku umeme wa mtaani ukipungua saa itayumba tena. Gusa na 7805 baada ya nusu saa, kwa uangalifu. Kwa mzigo huo inageuza karibu wati 1 kuwa joto, kwa hiyo ifungie kipande cha bati la alumini mgongoni.

Mjenzi_Moro

Kapasita nitaipata kesho, na bati ninalo. Sehemu yote ya volti 230 nimeifunika ndani ya boksi la plastiki kabla ya kumpelekea mama.