Tupeane uzoefu: bango la muvi lililokuteka kabla hujaiona muvi yenyewe

Mzee wa Mikanda: Wakuu, jana napanga makaratasi nikakutana na bango la Alien, ya 1979. Weusi mtupu, yai moja limepasuka kwa chini linavuja mwanga wa kijani, na sentensi moja kwamba angani hakuna atakayekusikia ukipiga mayowe. Sura ya mwigizaji hakuna hata moja. Nililiona nina miaka 11, sikulala. Muvi nimekuja kuiona mtu mzima, na yai la kwenye muvi wala halifanani na lile! Haya, nanyi leteni yenu.

Mama Wawili: Jaws. Yule dada anaogelea zake, hana habari, na lile domo linapanda kutoka chini. Mpaka leo sitii mguu kwenye maji nisiyoona chini yake.

Kichwa Ngumu: Papa huyo hakuchorwa kwa ajili ya muvi. Roger Kastel alimchora kwa jalada la kitabu, muvi ya 1975 ikamchukua. Na mchoro wenyewe halisi ulipotea, haujaonekana.

Mama Wawili: Nimekuuliza? Mimi nimesema naogopa maji.

Fundi Pasi: Jamani, mada hii imenitonesha kidonda. Mjomba alinipa bango la zamani, la enzi zile yanakuja yamekunjwa, siyo kuviringishwa. Mikunjo mitatu ya kulala, mmoja wa kusimama, ukilifungua unapata vyumba vinane. Nikaona haya kulitundika na makunyanzi yale. Nikawasha pasi. Kitambaa cha pamba juu, moto mdogo, mkunjo wa kwanza ukalala kama kola ya shati. Hapo kiburi kikaniingia, nikaongeza moto. Mkunjo wa pili unapita katikati ya uso wa mwanamke. Nikasikia harufu. Kuinua kitambaa, uso umehamia kwenye kitambaa! Macho yote mawili na nusu ya mdomo. Kwenye bango zimebaki nywele zimezunguka karatasi nyeupe. Mjomba alipouliza nikamwambia limepelekwa kutiwa fremu. Mwaka wa tatu huu linatiwa fremu. Kitambaa ninacho, siwezi kukitupa, kinaniangalia.

Mama Wawili: Nimecheka mpaka mtoto kaamka. Pole lakini.

Mpole: Kitie fremu kitambaa.

Dokta Karatasi: Bango halipigwi pasi. Liweke chini ya godoro wiki mbili.

Kichwa Ngumu: Godoro na jasho lako? Lilaze katikati ya karatasi safi, juu ubao, juu ya ubao vitabu.

Dokta Karatasi: Basi piga laminesheni, yaishe.

Kichwa Ngumu: Ulaaniwe. Plastiki ikishagandia haitoki tena!

Mchoraji Mstaafu: Ninyi mnanyoosha, mimi nalilia mkono. Zamani mtu alichora. Drew Struzan alilichora bango la The Thing, 1982, kwa usiku mmoja, asubuhi linachukuliwa rangi haijakauka. Siku hizi vichwa vya waigizaji vinaelea tu.

Kijana wa Kompyuta: Mzee wangu, shikamoo, ila huyo Struzan naye si vichwa vimerundikana?

Mchoraji Mstaafu: Marahaba. Vyake vinamulikwa na taa moja. Vyenu kila kichwa kina jua lake.

Kijana wa Kompyuta: Hapo nimeishiwa maneno. Lakini Saul Bass, yule msanifu wa mabango, hakuhitaji hata kichwa. Anatomy of a Murder, 1959: maiti ya karatasi imekatwa vipande, basi. Mtoto angeweza kuikata. Wazo lenyewe ndiyo asingelipata.

Mpole: Mimi nilirudisha bango nikigomba kwamba limechapwa kimakosa, nyuma lina picha ileile hafifu, imegeuka kushoto kulia. Kumbe ni la kuwekwa kwenye sanduku la taa la ukumbi wa sinema, linamulikwa kwa nyuma. Ile ya nyuma inazuia mwanga usizipaushe rangi za mbele. Niliondoka naangalia viatu vyangu.

Fundi Pasi: Angalau lako lilikuwa na uso.

Mzee wa Mikanda: Tuachane na pasi, turudi kwenye mada.

Bi Nondo: Mimi lilining'inia sebuleni miaka minne, The Silence of the Lambs, yule mdudu nondo mdomoni mwa mwanamke. Fuvu lililo mgongoni mwa nondo, likodolee macho vizuri: ni wanawake saba uchi. Aliyenionyesha ni mama mkwe, kavaa miwani yake ya kusomea.

Mama Wawili: Muongo.

Mama Wawili: Nimeenda kuikuza picha. Jamani ni kweli. Langu nalitoa ukutani sasa hivi.

Fundi Pasi: Usilikunje!