Naomba ushauri: mteja akiona kamera anakakamaa, nifanyeje?

Habari zenu wakuu. Napiga picha za sura kwa waigizaji na watu wa maofisini hapa Dar, studio yangu ni chumba kimoja Sinza. Taa, lenzi ya milimita 85, kitambaa cha kijivu cha nyuma, hivyo havinisumbui. Shida ni kumfanya mtu atulie.

Juzi alikuja dada mmoja mwigizaji, jukwaani analia machozi ya kweli. Nilipoinua kamera tu, mabega yakapanda, taya likabana, tabasamu la kitambulisho. Tulipiga picha zaidi ya 200. Iliyofaa ni moja, niliyoiwahi alipogeuka kumwambia mdogo wake mlangoni asiondoke na chaja. Macho yale ndiyo mwongozaji anayatafuta! Muziki na chai nimeshajaribu, hata kuzima flashi nikatumia mwanga wa dirishani. Inasaidia kidogo. Wanasheria na watu wa benki ndio kabisa, wanatazama saa.

Wenye uzoefu, mnaongea na mteja muda wote au kuna wakati mnanyamaza? Saa moja inatosha? Na kuweka kamera kwenye stendi ili nimtazame usoni tukiongea, imewasaidia? Jumamosi nina mwigizaji mwingine, sitaki aondoke na picha ambayo si yeye.